Nilivyopanga uangalizi wa mama baada ya upasuaji wa nyonga wakati wa Korona

Mama alipobadilishiwa nyonga mwaka 2020, hospitali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku wageni wodini, kwa hiyo yale ambayo ndugu wa mgonjwa huyaona akiwa kando ya kitanda, mimi ilinibidi niyapate kwa simu. Siku iliyofuata upasuaji nilimwomba muuguzi anitajie saa ambayo angeweza kuzungumza kwa utulivu, nami nikampigia nikiwa na daftari mkononi. Pamoja na kuuliza hali yake, niliuliza mama ataweza kufanya nini mwenyewe siku atakayoruhusiwa: kuinuka kitandani, kwenda msalani, kuoga, kupanda ngazi. Kutokana na majibu hayo niliandaa nyumba kabla hajafika. Kitanda na kiti cha choo viliongezwa kimo, kwa sababu tuliagizwa nyonga mpya isikunjwe kupita nyuzi 90 katika wiki za mwanzo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikubali kunifundisha kwa simu ya video akiwa na mama. Nilimwona mama akisogea hadi ukingo wa kitanda, akitanguliza mbele mguu uliofanyiwa upasuaji, kisha akijisukuma kwa mikono kutoka kwenye godoro, bila kushika fremu ya kutembelea mpaka asimame. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda, na mguu mgonjwa hutangulia wakati wa kushuka.

Kilichonisumbua zaidi ni watu. Ndugu walitaka kuja kumjulia hali, na kuwazuia kuliniuma, lakini niliamini, na bado naamini, kwamba zamu za wahudumu wengi zingemfungulia mama milango mingi ya maambukizi. Nikawa mhudumu pekee. Mdogo wangu alikubali kukaa kwake bila kuchangamana na watu, ili nikiugua yeye ashike nafasi yangu siku hiyohiyo. Kwa kuwa mama naye alitoka wodini, na dalili za Korona huweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza, nilimhudumia nikiwa na barakoa, madirisha yakiwa wazi.

Sindano za kuzuia damu kuganda, zinazochomwa chini ya ngozi ya tumbo, nilifundishwa kuzichoma mwenyewe. Hapo nilimuuliza daktari swali ambalo ningependa kila mhudumu aulize: mgonjwa akiishiwa pumzi ghafla, nitajuaje kama ni Korona au ni bonge la damu lililokwenda kwenye mapafu? Alinijibu kwamba nyumbani haiwezekani kutofautisha, na kwamba nisingoje. Nimpeleke hospitali mara moja. Kwa sababu hiyo nilipatana mapema na dereva wa kutuchukua hata usiku wa manane, nikamweleza kwamba mgonjwa atakaa kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma kabisa.

Kuhusu nyuzi za kidonda, tulikubaliana muuguzi aje kuzitoa nyumbani, na miadi iliyofuata ikafanyika kwa simu baada ya mimi kumtumia daktari picha za kidonda.