Kompyuta Sita Zilizogoma

Kazi ilikuwa kusakinisha Windows kwenye kompyuta 40 za aina moja kwa kutumia imeji moja, yaani faili kubwa lililobeba Windows nzima, iliyokaa kwenye seva. Zilizomaliza ni 34. Sita ziligoma, na tatu kati ya hizo zilionyesha msimbo 0x80070570, maana yake faili limeharibika na halisomeki.

"Imeji mbovu hii, tuitengeneze upya," mwenzangu akasema.

Ndivyo skrini ilivyokuwa ikisema, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoteza siku nzima. Mimi nilikataa. Imeji hiyohiyo ilikuwa imeshaingia salama kwenye mashine 34, na faili bovu halichagui mashine. Tukakubaliana tusiguse seva wala bisibisi kwanza. Kila iliyogoma tuliirudia mara tatu, tukaandika kwenye karatasi msimbo uliotokea na asilimia iliposimama.

Karatasi ile ilitupunguzia nusu ya kazi. Mashine moja ilikwama kwenye asilimia 88 mara zote tatu kwa msimbo 0x8007045D, hitilafu ya kuandika au kusoma kwenye kifaa. Nyingine ilitoa msimbo huohuo lakini kila mara mahali tofauti. Zile tatu za 0x80070570 zilirukaruka: moja ilikwama kwenye 17, ikaja 62, ikarudi 41. Ya sita ilinakili kila kitu, ikashindwa kujiunga na domeni, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva moja kuu.

Kosa linaporudi palepale, shuku diski. Linapohamahama, shuku RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kebo, umeme au joto.

Ile ya 88 tuliiwasha kwa flashi ya Linux, tukasoma taarifa za SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu ya smartctl. Namba 5, inayohesabu sehemu mbovu za diski ambazo data yake imekwisha kuhamishiwa sehemu za akiba, ilikuwa imepanda sana, na namba 198, inayohesabu sehemu zisizosomeka, nayo haikuwa sifuri. Diski ya namna hiyo haifanyiwi matengenezo, inabadilishwa tu. Kwa ile nyingine yenye msimbo huohuo, namba 5 ilikuwa sifuri, ila namba 199 iliongezeka kila tulipojaribu. Namba 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na madabodi (bodi kuu ya kompyuta), hivyo tulibadilisha kebo ya SATA inayoviunganisha peke yake, na hesabu ikasimama. Ya sita tatizo lilikuwa betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayotunza saa ya kompyuta: badala ya volti 3 ilipima 2.2, saa ikawa imerudi nyuma miaka, na domeni kwa kawaida haikubali saa iliyopishana zaidi ya dakika 5.

Zikabaki zile tatu, na hizo ndizo zilizonifundisha kazi.

Kila moja ilikuwa na RAM mbili za GB 2. Tuliisomesha imeji kutoka seva na kukokotoa hashi ya SHA-256, alama ya utambulisho inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, mara tatu mfululizo. Faili lilikuwa la GB 6, na ukubwa huo ulitusaidia, kwa sababu faili dogo lingebaki kwenye RAM baada ya kusomwa mara ya kwanza na kurudisha jibu lilelile hata kama si sahihi. Faili moja, mashine moja, dakika chache zimepita, na herufi 64 zilizotoka hazikufanana hata mara moja. Tukachomeka mashine isiyo na tatizo kwenye kebo hiyohiyo ya mtandao: hashi sahihi, mara tatu. Mtandao ukatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Mashine hizo zilikuwa zimetumika miezi mingi bila malalamiko, na sababu inaeleweka. Biti moja, yaani 0 au 1 moja ya data, ikigeuka ndani ya picha, unaona doa, au huoni kabisa. Imeji imebanwa, kwa hiyo biti hiyohiyo ikigeuka wakati wa kufungua inaharibu kipande kizima, na kisakinishi kinalaumu faili. Tena mazingira ya kusakinishia yenyewe yanakaa ndani ya RAM, hivyo sehemu ambazo kwa kawaida hazifikiwi zinaweza kuguswa.

Memtest86+, programu ya kupima RAM, ilionyesha makosa kwa zote tatu. Tukabakisha RAM moja moja, daima kwenye nafasi ya kwanza. Kwa mashine mbili, kipande kimoja kilikosea na mwenzake kikapita safi. Tukakihamishia kipande kibovu kwenye mashine isiyo na tatizo, makosa yakakifuata. Huo ndio ushahidi ninaouamini.

Ya tatu ilitusumbua. Vipande vyote viwili vilipita kwenye nafasi ya kwanza, vyote vikashindwa kwenye ya pili. Hapo RAM haina kosa. Nilimulika tochi kwa ulalo ndani ya nafasi ile nikaona uzi wa vumbi, mweusi kidogo, umelala juu ya pini tatu au nne karibu na kizuizi cha katikati. Hewa ya kopo haikuutoa. Tuliusugua taratibu kwa brashi laini iliyoloweshwa pombe ya isopropili, kwa kufuata urefu wa nafasi, tukasubiri pakauke kabisa kabla ya kurudisha umeme.

Tuliiacha Memtest86+ ikizunguka usiku kucha na RAM zote mbili mahali pake. Asubuhi safu ya makosa ilisoma 0. Tukairudisha kwenye seva, na safari hii ilipita 17, ikapita 41, ikapita 62, ikafika 100.