Gesi imekata, maikrowevu ipo

Basi Alhamisi hiyo natoka kazini usiku, matatu imejaa mpaka mlangoni, foleni ya daraja la Nyali mwaijua wenyewe, nafika Bombolulu napanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na pakiti ya spageti mkononi, nawaza tu nikifika naweka maji motoni nakoga nikitoka nala. Nawasha meko, moto ukachungulia kidogo, ukageuka rangi ya machungwa, ukafa. Nikautikisa mtungi. Mwepesi kama kopo. Duka la gesi pale chini lishafungwa, na hata lingekuwa wazi ilikuwa tarehe ishirini na kitu, mtungi wa kilo 6 kuujaza ni elfu na kitu na mfuko wa mtu tarehe hizo hauna hata chenji ya tuktuk.

Jikoni kulibaki kitu kimoja tu cha kupatia joto, maikrowevu.

Hii maikrowevu jirani alikuwa ahamia Nairobi akaniuzia bei ya kutupa, na tangu niinunue kazi yake ni kupasha tu. Wali wa jana, mbaazi za nazi, mahamri yaliyolala. Kupika sijawahi. Kwetu kupika ni moto, ukisema umepika na hapakuwa na moto watu wakuangalia tu wamalize maneno yako.

Lakini njaa haina adabu. Nikachukua bakuli, nikazivunja spageti katikati (Mtaliano wa Malindi akisoma hapa ataumwa moyo, na kule wapo wengi, anisamehe), nikajaza maji mpaka karibu na ukingo, nikabonyeza dakika 15, nikaenda kukoga. Bafuni naisikia yanguruma vizuri tu. Kutoka nakuta maji meupe mazito kama uji yamemwagika ndani kote mpaka yashuka kabatini, kile kisahani cha kuzunguka kimekwama, na spageti zenyewe zile za juu zilizotoka nje ya maji ngumu kama njiti, za chini zimegandana donge moja unaweza kulitupia paka. Nilikula. Msiniulize.

Sasa mimi kitu kikinishinda silali. Na gesi yenyewe sikujaza mpaka mshahara ulipoingia, kwa hivo siku kumi hivi nimepika makaroni, spageti na mwisho tambi kwa stima peke yake, na sai naweza kusema kitu hicho chawezekana, tena vizuri, ila lazima kwanza ukubali kwamba ile si meko.

Manake nilipoanza kusoma ndio nikaelewa nilikosea wapi. Mle ndani hamna moto, mna mawimbi, jamaa na mawimbi ya redio na ya wifi, na hayo mawimbi kazi yake ni kuyatikisatikisa maji yaliyo ndani ya chakula mpaka yanapata joto. Aliyegundua ni fundi mmoja wa Marekani, Percy Spencer, alikuwa afanya kazi ya mitambo ya rada kwenye kampuni ya Raytheon, 1945 akasimama karibu na mtambo akaona chokoleti iliyo mfukoni mwake imeyeyuka, akaagiza bisi akazijaribu nazo zikalipuka. Miaka miwili baadaye, 1947, wakatoa ya kwanza ya kuuza, futi karibu 6 kwenda juu na uzito wa kilo kama 340. Mimi yangu niliipandisha ngazi za ghorofa nne nikilaani kila ngazi, niliposoma hiyo nikanyamaza.

Sasa spageti kavu haina maji ya maana ndani yake, kwa hivo mawimbi hayana cha kutikisa. Yanatikisa maji ya bakulini, maji yachemka, maji ndiyo yapika. Ndio maana kila kipande lazima kizame, kilichochungulia nje kimebaki njiti. Na ule uji uliomwagika ni wanga unaotoka kwenye spageti, maji yakichemka wanga wafanya povu na povu halijui mipaka. Kwenye sufuria unaliona likipanda unapunguza moto, kwenye maikrowevu wewe uko bafuni wajipaka sabuni.

Kwa hivo siku ya pili nikasema dawa ni bakuli kubwa. Na bakuli kubwa nililokuwa nalo lilikuwa moja, la mamangu, jeupe lina maua na ukingo wa dhahabu, la ile seti yake ya kabatini ambayo haitoki mpaka waje wageni, lilikuja kwangu na pilau ya Idi na mimi kama kawaida ya watu wasio na haya sikulirudisha. Nikatia makaroni, nikatia maji nusu bakuli, nikabonyeza, nikasimama hapo hapo kulinda povu. Hazikufika sekunde tano, pa pa pa, cheche zazunguka ukingoni mle ndani kama Diwali kule mjini, na harufu ya kuungua. Nilichomoa waya ukutani kabla ya kufikiria hata kubonyeza. Kumbe ile dhahabu ni chuma, chembamba, lakini chuma, na chuma na maikrowevu ni paka na panya. Sufuria najua hairuhusiwi, kijiko najua, ukingo wa bakuli nani angefikiria? Kwenye upande mmoja dhahabu ikabaki mstari mweusi kama wanja. Nikalikosha nikaliweka nyuma kabisa ya kabati, hayo tutayaongea baadaye.

Na zile sahani za melamini, plastiki ngumu ile, za maua ambazo kila nyumba ya Mombasa zipo, nazo usizitie, zenyewe ndio zapata moto na chakula chabaki baridi, na si vizuri kwa afya. Nikaenda Marikiti Jumamosi nikanunua bakuli la kioo, kubwa lenye kifuniko, lile la kuingia kwenye oveni, na mambo yakaanza kunyooka.

Haya, sai mimi nafanya hivi. Makaroni mkono mmoja uliojaa na nusu, ni kama gramu 100, mtu mmoja anashiba. Maji nachemsha kwanza kwenye birika la stima, kwa sababu maikrowevu kuchemsha lita moja ya maji yachukua dakika saba nane, birika latumia nusu ya muda. (Maji ya tangi yetu ya juu ya nyumba saa nane mchana hata birika hulihitaji sana, yatoka bombani yashapikwa na jua.) Namwaga maji mpaka yapite makaroni vidole viwili, na bakuli libaki tupu nusu nzima kwa ajili ya povu, hapo usifanye ubahili. Kijiko cha mafuta, povu lapungua. Kifuniko naweka upande, sifungi. Halafu muda ulioandikwa kwenye pakiti naongeza dakika tatu au nne, na katikati nafungua nakoroga mara moja, usipokoroga utapata lile donge. Ikianza kuchemka kwa fujo napunguza nguvu iwe nusu, ile batani ambayo watu wengi hatujawahi kuigusa tangu mashine itoke kwenye boksi.

Chumvi ngoja kwanza. Kwetu bombani yatoka maji ya kisima, yana chumvi yake tayari, nilitia kijiko mara ya kwanza kama mtu wa bara na makaroni yakatoka kama yamepikwa kwa maji ya Bahari ya Hindi. Maji matamu ya mkokoteni nanunua ya kunywa na chai tu, siwezi kuyatumia kuchemshia makaroni halafu nimwage. Kwa hivo maji ya kisima, chumvi sifuri, yatosha kabisa.

Sasa sikieni iliyonishangaza. Siku ya nne au ya tano, makaroni yako ndani, dakika ya sita, stima ikapotea. Mtaa mzima kiza, watoto wapiga kelele. Nikakaa kwenye giza nikicheka peke yangu, gesi hamna, stima hamna, nimebakisha kuni na kuni zenyewe ghorofa ya nne nitawashia wapi. Nikalitoa bakuli nikalifunika na kifuniko chake, nikalizungushia taulo nikisema angalau maji yasipoe, stima ikirudi niendelee. Haikurudi. Robo saa ikapita nikaona liwalo na liwe, nikafungua na tochi ya simu, nikaonja moja. Yameiva! Tena yameiva vizuri kuliko siku zote, laini nje na katikati yana ugumu kidogo ule wenyewe Wataliano wausifia. Kumbe wanga hauhitaji maji yanayoruka ruka, maji ya moto tu yanatosha hata kama hayachemki tena, ule mchemko mkali kazi yake kubwa ni kumwaga povu. Tangu siku hiyo nawasha dakika chache tu yakishachemka, naizima mwenyewe, nafunika na taulo, naenda kukaanga nyanya zangu. Nazikaangia humo humo kwenye maikrowevu kwa kweli, nyanya na kitunguu na thomu na bizari ya mchuzi kwenye bakuli dogo, ladha yake ni ya hospitali ila kwa pilipili ya kukamua na ndimu inapita.

Stima yenyewe watu waniuliza sana, yala tokeni? Angalia nyuma ya mashine, yangu imeandikwa yatumia wati 1,200, ukiwasha robo saa ni yuniti 0.3, hesabu mwenyewe na bei ya tokeni zako. Mimi na mita yangu ilikuwa inalia tayari kwa sababu nyingine, feni, Mombasa Februari utalala bila feni?

Tambi sasa. Nilikuwa nimemwambia mamangu kwa simu kwamba siku hizi napika tambi kwa maikrowevu, mimi nimekusudia spageti, yeye masikio yake yakasikia tambi tambi, zile za nazi na sukari za futari.

"Wewe tambi wazichemsha?"

"Kwani vipi mama."

"Tambi hazichemshwi, zakaangwa kwanza. Na kwenye sanduku hilo wazikaanga vipi? Ntakuja Jumapili nione."

Sasa akisema hivo si utani, Jumapili atatoka Kibokoni atapanda matatu atakuja. Nikawa na siku mbili za kujaribu. Kukaanga kwenye maikrowevu ndio mtihani wenyewe, manake maji hayapiti joto la kuchemka na kitu chenye maji hakigeuki rangi, lakini tambi ni kavu na samli si maji, samli yaweza kupanda joto mpaka tambi zikawa kahawia. Nikazivunja ndogo ndogo, vijiko viwili vya samli, nikazipaka zote, sekunde 40, nakoroga, sekunde 40, nakoroga. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya tatu harufu. Mara ya sita zimekuwa rangi ya biskuti na sehemu moja katikati nyeusi tititi, kwa sababu mawimbi hayasambai sawa mle ndani, pana mahali pako moto kuliko pengine, ndio maana ya kile kisahani kuzunguka. Nyeusi nilizichagua moja moja kama mtu achaguaye mchele.

Halafu tui. Mbuzi ya kukunia sina, nazi naikatakata natia kwenye blenda na maji ya uvuguvugu, nakamua tui zito nalitenga, la pili jepesi ndilo la kupikia. Tui jepesi la moto juu ya tambi, sukari, hiliki, nguvu nusu kwa dakika tano huku nimesimama hapo hapo kwa sababu tui lapanda kuliko hata wanga, kisha tui zito na zabibu, dakika mbili, taulo. Jumamosi zilitoka uji. Nikapunguza tui. Jumapili asubuhi zikatoka zimeachana, moja moja, zang'aa samli. Ile harufu ya makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko hamna na haitakuwepo, hilo nakubali.

Mama akafika saa sita, akakaa, hakuuliza habari za kazi, akasema lete. Akaonja. Akatafuna polepole yuatazama dirishani.

"Hiliki umetia nyingi."

Akaongeza sahani ya pili. Nikaona basi, nimepita. Nikaingia kufanya chai, na yeye mtu wa kutulia hawezi, akanifuata jikoni, ataka kuliona hilo sanduku, akalifungua akachungulia, akagusa kile kisahani, akauliza moto watokea wapi nikaanza kumweleza habari za rada na chokoleti, naye huku yuanisikiliza yuafungua makabati moja moja atafuta vikombe.

Nikasikia kimya. Nikageuka, amelishika bakuli kwa mikono miwili, kidole gumba chapita juu ya ule mstari mweusi, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Na hili," akasema, "lilifanywa nini hapa?"