Siku moja maishani mwangu: kunasa kemikali za sofa kwenye hewa ya Dandora

Saa 1 asubuhi. Maabarani, Nairobi. Natoa sponji kwenye friza. Ni za duara, upana sentimita 14, zimeshaoshwa kwa asetoni na kufungwa kwenye foili. Wageni huuliza kama tunashona matakia, na hawajakosea sana: sponji za aina hii, za poliyurethani, ndizo zilizotiwa PBDE, kemikali za kuzuia moto, katika masofa ya Marekani kwa miaka mingi ili yasishike moto upesi. Sasa tunazitumia kunasa kemikali zilezile.

Saa 3. Jalala la Dandora. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori bado yanapanga foleni. Upande wa pili vijana wanachoma nyaya wapate shaba, na kando yao kuna maganda ya televisheni za zamani, zile za kisogo. PBDE za masofa ziliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali sumu zinazodumu katika mazingira, mwaka 2009, na deka, aina nyingine ya PBDE iliyotumika sana kwenye maganda kama haya, mwaka 2017. Televisheni ya 1995 haina habari na mkataba.

Kifaa chetu ni mabakuli mawili ya chuma yaliyofunikizana, yenye mwanya wa kupitisha hewa. Hakina pampu wala umeme. Sponji huning'inia humo siku 28, ikinasa kemikali za takriban mita 4 za ujazo za hewa kwa siku.

"Daktari, hiyo sufuria yenu inapika nini?" mama mmoja anayeokota chupa ananiuliza.

"Inapika hewa, mama."

"Basi haitaiva leo."

Chuma hicho kina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kinachokilinda si kufuli, ni watu kama yeye.

Nabadilisha sponji kwa kibano. Nyingine naifungua, naiweka ndani dakika moja, kisha naifunga tena. Hiyo ni sampuli tupu, nami naithamini kuliko zote. Viti vya gari letu, kompyuta, hata kiti changu cha ofisini vinaweza kuwa na kemikali hizi. Bila sampuli tupu, huenda napima gari letu nikidhani napima Dandora.

Saa 5. Udongo. Sentimita 5 za juu, kwa mwiko wa chuma, sehemu tano zinachanganywa pamoja.

Saa 8 mchana. Udongo unakaushwa mbali na mwanga, kisha unapitishwa kwenye chekeche la milimita 2. Mwanga huivunjavunja BDE-209, jina la kimaabara la deka, kwa hiyo chupa zote ni za kioo cha kahawia.

Saa 10. Majibu ya sampuli za awali. BDE-209 hukatikakatika ikikaa sana kwenye joto la mashine ya kupimia, ndiyo maana tunaipitisha kwenye mrija mfupi. Bosi anataka tarakimu ya ripoti. Kwenye grafu, sampuli tupu inaonyesha kilima kidogo cha BDE-47, mojawapo ya PBDE za masofa. Hadi nijue kimetoka wapi, hapati tarakimu.

Saa 12 jioni. Soxhlet, kifaa cha kutoa kemikali kwenye sampuli kwa kiyeyusho cha moto, inaanza kuchemka, itazunguka usiku kucha. Zamu ni ya mwenzangu. Mimi nawahi matatu kabla nauli haijapanda.