Laki saba ya kikoba na pepa ya CCNA

Mwaka 2021 nilikuwa fundi wa kuvuta kebo kwenye kampuni moja hapa Dar, mshahara laki nne. Kila saiti wakija wale jamaa wa laptop wanachomeka ule waya wa bluu kwenye switchi, kile kiboksi cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, wanaandika mistari miwili mitatu wanaondoka zao, afu mimi nabaki juu ya dari na vumbi. Wote walikuwa na CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco. Na mimi nikaanza kuitaka.

Sasa bei. Dola 300 mtihani peke yake, na kipindi hicho dola ilikuwa inacheza kwenye 2,300 hivi, kwa hiyo piga hesabu karibu laki saba, ukifeli hairudi, unalipa upya. Zamani ungeweza kuupasua mara mbili, pepa mbili za dola 165 kila moja, unajichanga taratibu, ila Februari 2020 Cisco wakafuta wakabakiza mmoja tu, 200-301. Kusoma kwenyewe hakukunitisha sana maana Packet Tracer, programu ya kufanyia mazoezi ya mitandao, ni bure na video zimejaa YouTube, kinachouma ni bando, yaani nilikuwa nashusha video usiku wa manane bando la usiku likiwaka.

Hela sina, nikaenda kwa dada Mbagala. Dada ana genge na yuko kwenye kikoba, na kwa hesabu humdanganyi. Nikamweleza weee, mitandao, soko la ajira, sijui nini, akanisikiliza huku anafunga mafungu ya mchicha, afu akauliza, "Hiyo karatasi inaisha muda?" Nikasema ndiyo dada, miaka mitatu. "Kumbe ni kama leseni. Na wamekuahidi kukuongezea shilingi ngapi?" Nikaanza ooh nategemea labda... akanikata, "Mdogo wangu, sijauliza unategemea ngapi, nimeuliza wamekuahidi ngapi."

Nikakosa jibu.

Shemeji naye akadakia, na kusema ukweli hoja yake ilikuwa nzito. Laki saba hiyo hiyo nunua krimpa ya kubania vichwa vya kebo, testa ya kuipimia, drili na boksi la kebo la mita 305, anza kufunga kamera huku Mbagala na Chamazi, hela inarudi mwezi huu huu. Ila mimi nilikuwa naona Kariakoo vijana wanavyoshushiana bei ya kufunga kamera, leo elfu themanini kesho hamsini, na krimpa kila mtu anayo. Dada akakata shauri, nenda kaulize ofisini kwako, uje na jibu ndo tuongee.

Nikaenda, sio kwa bosi, kwa yule dada anayeandaa makaratasi ya tenda, maana yeye ndo anajua kampuni inahitaji nini. Akanifungulia faili moja. Tenda ile ilikuwa inataka majina ya mafundi wenye vyeti, CV na kopi za vyeti vyenyewe, na viwe hai. Mmoja wa waliokuwemo humo alishahama kampuni na cheti cha mwingine kilikuwa kinakaribia kuisha. Akaniambia, "Mdogo wangu ukikipata hicho kitu, usikikabidhi kabla hujaongea mshahara." Aisee, hapo ndo nikaelewa kumbe kinachonunuliwa sio ujuzi wangu wa kuwasha switchi, ni ile kopi ya kuweka kwenye faili.

Dada kusikia hivyo akanichukulia laki saba kwa jina lake, riba asilimia 10, maana yake rejesho 770,000, na akanipa daftari la kuandikia. Ukutani kwao nikawa nachora sabneti, yaani kugawa namba za mtandao mafungu mafungu, kwa chaki mpaka watoto wake wakazoea, 192.168.10.77 kwa /27, yaani mafungu ya namba 32, iko fungu gani, mjomba? Iko kwenye .64, zinazotumika .65 mpaka .94, brodikasti, ile ya kutangazia fungu zima, .95. Wa darasa la sita alikuwa ananiwahi kujibu.

Siku ya pepa ni dakika 120, begi unafungia nje, na ukishabonyeza kwenda mbele hakuna kurudi swali la nyuma. Hicho ndo kinachoua watu, sio ugumu. Swali la OSPF, ile njia ya ruta kutafutiana njia za mtandao, lilinikalia muda mrefu nikaamua kubahatisha nikasonga. Ile karatasi ya matokeo ilipotoka printa nikatafuta kwanza neno la kufaulu, asilimia za kila mada nilikuja kuziangalia kwenye daladala.

Ofisini nikakaa kimya na cheti changu mpaka msimu wa tenda. Bosi akaniita, hongera hongera, tutakuongeza elfu hamsini. Nikamwambia asante bosi, naomba nifikirie, na kopi nitaleta nikishafikiria. Baada ya siku kadhaa tukamalizana kwenye laki sita na nusu, nikapewa na laptop, na ule waya wa bluu. Nyongeza ya laki mbili na nusu kwa mwezi, rejesho la kikoba nikalimaliza kabla mwezi wa nne haujaisha.

Miaka mitatu ilipokaribia, kabla sijamwambia mtu yeyote nikampigia dada. Akauliza safari hii nani analipa. Nikasema ofisi. "Haya, mimi nina wateja," akakata simu.