Waya wa platini ulinila wiki tatu

Nilipoanza kutengeneza vichocheo vya hidrojeni, yaani vitu vinavyorahisisha kutoa gesi ya hidrojeni kwa umeme, aliyenitangulia maabara aliniambia, "Elektrodi ya pili tia waya wa platini, kila mtu hufanya hivyo." Nikatia. Mpaka leo nikiukumbuka ushauri ule naudhika.

Nilikuwa napima rutheni iliyotawanywa juu ya unga wa kaboni, kwenye asidi ya salfuriki ya 0.5 M. Nilitaka niikaribie platini juu ya kaboni, ile ya asilimia 20 kwa uzito tunayojilinganisha nayo sote: hiyo hufikisha mkondo wa miliampia 10 kwa sentimita ya mraba kwa volteji ya ziada (ile inayohitajika kupita kiwango cha nadharia; ikiwa ndogo ndiyo bora) ya milivolti 30 hivi tu. Changu siku ya kwanza kilidai zaidi ya 80. Lakini kila nilipopandisha na kushusha volteji mara 1,000, kilizidi kuwa kizuri: 70, 55, 40. Nilifurahi mno, hata michoro nikaanza kuiandaa.

Usiku mmoja usingizi ukanikataa. Kitu gani huboreka kwa kuchakazwa? Nikapaka kwenye elektrodi kaboni tupu, isiyo na chembe ya metali, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nilikuta viputo vidogo vimeijaa uso mzima, na mkondo unapanda. Waya ulikuwa ukiyeyuka kidogo kidogo upande wa pili, platini inasafiri ndani ya asidi na kuganda juu ya kaboni yangu. Kumbe wiki zote tatu rutheni yangu ilikuwa inavishwa platini!

Nikaung'oa waya, nikaweka fimbo ya grafiti na asidi mpya. Kaboni tupu ikanyamaza. Rutheni ikarudi kwenye 80 zake za haki.

Jambo jingine lililonitesa ni wino, yaani unga wa kichocheo uliochanganywa na maji na alikoholi ili upakwe kwenye elektrodi. Tone likikauka lenyewe, chembe hukimbilia ukingoni. Unabaki na pete nyeusi, katikati elektrodi iko wazi. Nilijaribu taa, nikajaribu kufunika kwa bilauri, wapi! Kilichofaa ni kuigeuza mota ya elektrodi inayozunguka ili uso utazame juu, kudondosha mikrolita 10, kisha kuizungusha mara 700 kwa dakika hadi tone likauke. Utando wa kwanza uliotoka sawasawa, mweusi pote bila doa, niliupiga picha na ninayo bado.

Na tafadhali, unapochanganya wino, maji yatangulie, alikoholi ifuate. Platini kavu juu ya kaboni inaweza kuwasha mvuke wa alikoholi pale pale mkononi mwako. Kwenye bafu la mawimbi ya sauti tia barafu, maana wino hupata joto haraka.

Sasa kila kundi jipya hutanguliwa na kaboni tupu usiku mzima. Rutheni ya mwisho, niliyoichoma kwa joto la chini kidogo, imefika 58, na baada ya mizunguko 5,000 bado iko pale pale.