Grisi ya Kumwaga

Juzi binti yangu kaimwagia cherehani ya bibi yake mafuta mpaka yakatona kwenye kanga. Nilipomkemea akauliza: "Kwani baba, yakizidi si ndiyo itateleza vizuri?"

Nikaishiwa maneno. Nami niliwahi kuamini hivyohivyo, Singida, kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, mwezi wangu wa pili kazini. Mota ilikuwa inalia upande wa puli. Nikachukua bomba la grisi, nikapiga mara 40, pengine zaidi. Kelele ikakata, nikajiona fundi.

Haikupita saa, harufu ikaanza. Mzee wa karakana aliweka kiganja kwenye kifuniko cha beringi, akakitoa palepale. "Zima." Tulipofungua, grisi ilikuwa imejitenga: mafuta yanachuruzika kama mchuzi, sabuni yake, ile inayoyashika mafuta yawe grisi, imeganda pembeni, nyeusi, kavu kama ukoko. Sili imesukumwa nje, na grisi imepenya hadi kwenye koili. Mzee akachukua kipande cha ukoko ule, akakisaga kwa vidole, akaninusisha. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Gololi za beringi zinataka nafasi," alisema. "Ukizishindilia zinabaki kusonga grisi kama ugali, na joto linapanda."

Akachora kwa chaki sakafuni. Beringi ni ya namba 6310: kipenyo cha nje milimita 110, upana 27. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha tena kwa 0.005, unapata karibu gramu 15 za grisi. Tukapigia bomba letu kwenye karatasi juu ya mzani: kila pigo gramu 1.2 hivi. Kumbe yalitosha mapigo 12 au 13, polepole, mota ikizunguka, kizibo cha chini kikiwa wazi, na kisirudishwe mpaka grisi ya zamani iache kutoka. Kabla ya yote futa tundu la grisi, maana vumbi la maganda ukilisukuma ndani ni sawa na kutia msasa.

Beringi mpya niliipigia kwa hesabu hiyohiyo. Ikafa baada ya miezi michache. Mzee alisema mkanda ulikazwa mno; mimi nikashikilia kuwa ni vumbi. Nimeondoka pale hatujakubaliana.

"Sasa matone mangapi?" binti akauliza.

"Moja kila tundu."

"Dogo au kubwa?"

Nikampa kitambaa chakavu ashonee kwanza, mafuta yaliyozidi yaishie humo.