Fangasi, wifi yangu na glasi ya mate

Mbukwenyi wapendwa. Leo naongea mambo ya chini, mwenye aibu apite mbali, mimi miezi minne ya kujikuna kwa kujificha ofisini imenimaliza aibu yote.

Ilianza na UTI, au nilichoamini ni UTI. Si unajua sisi, ukikojoa ukasikia kamchomo basi tayari ni UTI, hamna cha kupima, unapita duka la dawa unamwambia kijana nipe sipro, ile antibayotiki, anakupa, unameza na maisha yanaendelea. Nilimeza mara tatu ndani ya miezi minne. Kila nikimaliza dozi wiki haiishi muwasho umerudi, tena safari hii na uchafu mweupe mzito kama mtindi uliokatika, usiku silali, ukichanganya na joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja na maji ya mgao ndo kabisa.

Wifi yangu anakaa Ipagala na anauza virutubisho. Akaniambia wifi hiyo ni fangasi, na imeshaingia kwenye damu, kapime mwenyewe nyumbani bure. Kipimo chenyewe: asubuhi kabla hujapiga mswaki unatema mate kwenye glasi ya maji, unasubiri robo saa, yakishusha nyuzi kama mizizi basi umejaa fangasi. Nikatema. Jamani zile nyuzi zilishuka mpaka nikaogopa. Mume wangu akapita akacheka, nikamwambia hebu na wewe tema, yake yakashuka marefu kuliko yangu. Mtoto wa darasa la pili naye akataka, yakashuka. Dada wa kazi, yakashuka. Glasi nne mezani zimejipanga, nyumba nzima wagonjwa! Hapo ningepata akili, maana mate yana ute na ute ukiwa kwenye maji lazima uning'inie, lakini muwasho ulikuwa umenichosha nikatoa elfu 65 nikachukua kopo.

Ndani ni kapsuli za kitunguu saumu, karafuu, mafuta ya nazi na oregano. Wiki tatu nilikuwa nabeua kitunguu hadi kwenye vikao, kiungulia juu, na chini kunawasha vilevile. Nikamlalamikia, akasema hizo ni fangasi zinakufa wifi, ongeza dozi.

Nikaenda zahanati. Nesi mtu mzima, akanipima mkojo, msafi, hamna UTI. Akachukua kipimo cha ukeni, fangasi ikaonekana, akapima na sukari maana kisukari nacho huleta fangasi za kujirudia, iko sawa. Alafu akauliza, mama, umemeza antibayotiki hivi karibuni? Nikaanza kuhesabu kwa vidole yeye anatikisa kichwa.

Kumbe iko hivi. Hii fangasi inaitwa kandida na watu wengi tunayo siku zote, mdomoni, tumboni, ukeni, imetulia tu. Inayoituliza ni bakteria wazuri, hasa laktobasila, wanaotengeneza asidi pale wanapokaa. Sipro yangu ilikuwa inafagia wale walinzi, na fangasi yenyewe antibayotiki haiigusi, kwa hiyo nilikuwa nazifanyia usafi zikae kwa nafasi. Akanipa klotrimazo, dawa ya fangasi ya kutumbukiza ukeni, siku ya tatu nikalala usiku kucha. Na hiyo ya kuingia kwenye damu akasema ipo, ila mwenye nayo yuko amelazwa ana hali mbaya, hayuko Ipagala anachambua mlenda.

Sasa msiseme nimedharau vya asili, hapana, nilikaa nikasoma. Kitunguu saumu ukikiponda kinatoa alisini, na maabara inaibana kandida kweli (ponda ukiache kama dakika kumi kabla ya kupika, ukikitupia kizima kwenye mafuta ya moto alisini haipatikani). Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki na kapriliki, kuna watafiti wa Ibadan kule Nigeria mwaka 2007 waliyajaribu kwenye kandida maabara yakafanya kazi. Karafuu nayo ina yujeno, kemikali inayobana fangasi maabara. Tatizo ni kutoka kwenye kisahani cha maabara mpaka kwenye mwili wa mtu. Australia waliwapa wanawake vidonge vya kitunguu saumu wiki mbili, wengine wakapewa vya bandia bila kujua, wakatoa matokeo 2014, hamna tofauti ya maana ukeni. Probayotiki, yaani wale bakteria wazuri wa kumeza, afadhali kidogo, ukizitumia pamoja na dawa zinaweza kusaidia, japo ushahidi wenyewe bado mwembamba.

Wifi akasema mimi nimependa kemikali za hospitali. Nikamwambia wifi, nistatini, ile dawa ya utando wa watoto mdomoni, imetoka kwenye vijidudu vya udongo wa shambani kule Virginia, wanawake wawili wa Marekani, Hazen na Brown, ndo waliitangaza mwaka 1950. Asili gani unataka zaidi ya udongo? Akanyamaza, sio kawaida yake.

Ila kuna kitu kinanikera nisikifiche: kuna wadada wanashauriana watumbukize punje ya kitunguu saumu kule. Usifanye! Kinaunguza ngozi hadi malengelenge. Na mafuta ya nazi huko yanaharibu kondomu ya mpira. Mafuta ya mti wa chai (yale ya "tea tree", sio majani ya chai) ni sumu ukiyanywa. Mjamzito, anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda au ARV, aongee na daktari kwanza kabla ya kapsuli yoyote, maana kitunguu saumu cha kwenye kopo sio sawa na cha kwenye kachumbari.

Mimi siku hizi mtindi usio na sukari nanunua kwa mama mmoja pale Sabasaba, lita moja wiki nzima, nakula na ugali wa uwele. Kama unanisaidia fangasi au ni utamu tu, vyovyote. Muwasho ukija napima kwanza.

Kopo liko juu ya friji, zimebaki kapsuli kumi na saba. Wifi akija analiangalia, mimi namkaribisha mtindi. Anamaliza bakuli.